Kuku wa Matoleo



Mkazi yeyote wa Mabibo amewaona: kuku watano au sita waliofungwa miguu, wananing'inia kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda inayotoka sokoni. Tumezoea. Lakini Jumapili moja ya mavuno, tulipokuwa tukisaidia katika parokia moja jijini, tulimwona kuku wa namna hiyo akifika altareni. Mama mmoja alimleta kwenye matoleo, akapokelewa kwa vigelegele, akalazwa pembeni miguu imefungwa hadi Misa ikaisha, kisha akasubiri mnada nje juani. Aliponunuliwa alikuwa anahema mdomo wazi, mabawa yamelegea. Frateri mwenzetu akauliza: hili ni kosa, au ni huruma ya kitoto tu?

Kula nyama si dhambi. Katika Mwanzo 9:3 Mungu anampa Nuhu wanyama kuwa chakula, na Katekisimu, namba 2417, inakubali watumike kwa chakula na mavazi. Ijumaa ya Kwaresima tunaacha nyama kwa sababu ni kitu chema tunachojinyima. Hapo hatuendi na mwanafalsafa Peter Singer, ambaye katika Animal Liberation (1975) anataka mateso ya mnyama yapimwe kwa mizani ileile ya mateso ya mtu.

Ugumu uko kwingine. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama huweza kuuhamishia kwa watu. Kwake ubaya unakaa ndani ya mtendaji. Kuku mwenyewe hatudai kitu. Wengi wetu darasani tuliishia hapo, na tukaridhika. Ila Katekisimu, namba 2416, inakwenda mbele zaidi: wanyama ni viumbe vya Mungu, na kuwatendea wema ni deni letu kwao. Kuku hana haki kama za mtu, sawa, lakini deni ni deni. Namba 2418 inaongeza kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ya lazima kunapingana na hadhi ya binadamu.

Kuna atakayesema, “Si anachinjwa kesho? Ya nini kumbembeleza?” Kumchinja kuna sababu: watu watakula. Kumning'iniza kutwa nzima kuna sababu gani? Kuku hana kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama sisi. Akiwa kichwa chini, maini na utumbo humgandamiza mapafu na vifuko vya hewa, akapumua kwa shida. Wala hili si jambo la wanateolojia peke yao. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili.

Hatumlaumu yule mama. Pengine alitoa kuku wake pekee, na alimbeba kama alivyoona wote wakibeba. Lawama ni yetu tuliovaa kanzu, tuliompokea yule kuku mikononi na kumweka chini kama mfuko wa mchele.

Tulipomweleza katekista, alicheka kwanza. Kisha akasema stoo kuna matenga mawili ya nyanya yaliyobaki tangu sherehe ya somo wa parokia, na kwamba chini ya mwembe, karibu na bomba, kuna kivuli mpaka saa nane.