Fahamu: Kwa nini dawa ya presha haiachwi ukijisikia nafuu

Presha ya kupanda ni hali ya damu kusukuma kuta za mishipa kwa nguvu iliyozidi, wakati wote. Huthibitishwa vipimo vinapofika 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliikuta kwa takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64.

Dawa au chakula?

Mkazi wa pwani anayesubiri kichwa kiume ndipo apimwe amechelewa, kwani wengi hawaoni dalili yoyote mpaka moyo, figo au ubongo udhurike. Hapo ndipo hoja ya "nimepona, naacha vidonge" inapovunjika: kipimo kimeshuka kwa sababu dawa ipo mwilini, na ikikatizwa presha hurudi. Wapo wanaosema dawa ikianzwa haiachwi, basi heri kutoianza. Lakini kinachodumu ni ugonjwa. Na anayepunguza uzito, pombe na chumvi huweza kupunguziwa dozi na daktari.

Chumvi ndiyo mtihani wa pwani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwamo iliyojificha ndani ya papa mkavu (kumroweka na kumwaga maji husaidia). Mitishamba nayo? Anayeitumia amwambie daktari, maana mingine hugongana na vidonge.