Je, Wajua? Kijiwe Kinachouma Wakati wa Kula

Je, wajua kuwa vijiwe havitokei kwenye figo na nyongo peke yake? Tezi za mate nazo hupata. Madini ya kalsiamu na fosfeti hugandana polepole ndani ya mfereji wa mate mpaka yawe punje ngumu.

Je, wajua kuwa mwenye kijiwe huvimba anapokula? Tonge likiingia kinywani, mate hububujika. Yakikuta njia imeziba, tezi hutuna na kuuma. Saa moja au mbili baadaye uvimbe hunywea. Matubwitubwi hayana tabia hiyo: huja na homa na kukaa siku kadhaa, mara nyingi pande zote mbili.

Je, wajua kuwa takribani vijiwe 80 kati ya 100 huwa kwenye tezi ya chini ya taya? Mate yake ni mazito, na mfereji wake, wa kama sentimita 5, hupanda kuelekea chini ya ulimi. Daktari Mwingereza Thomas Wharton aliueleza mwaka 1656.

Je, wajua kuwa baridi ya Juni na Julai huko Mbeya na Iringa huweza kukusahaulisha maji? Mwili ukipungukiwa maji, mate huwa machache na mazito, hali inayochangia vijiwe.

Je, wajua kuwa uchunguzi huanza na vidole? Daktari hupapasa chini ya ulimi kwa mkono mmoja na chini ya taya kwa mwingine. Kisha hufuata ultrasaundi au eksirei. Kijiwe kisichoonekana kwenye eksirei huweza kuonekana kwa CT scan.

Je, wajua kuwa kijiwe kidogo huweza kutoka chenyewe? Kunywa maji ya kutosha, kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, sugua tezi kuelekea mbele na nyonya ndimu. Usikichokonoe kwa sindano! Kilicho karibu na mlango wa mfereji hutolewa kwa ganzi na mkato mdogo chini ya ulimi. Kikikaa ndani zaidi, kuna kamera nyembamba ya kupita mferejini. Ikishindikana, tezi huondolewa, na nyingine huendelea kutoa mate.

Ukiwa Mbeya au Iringa, anzia kwa daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya rufaa. Usaha na homa visisubiri kesho. Na uvimbe usiopungua kwa wiki mbili upimwe hata kama hauumi, kwani si kila uvimbe ni kijiwe.