Mfanyakazi wa Masomo Akiumia Kazini: Ni Sadaka ao Ni Haki?

Katika parokia zetu padri huitwa wa kwanza mambo yakiharibika kwenye masomo. Nilipokuwa padri mpya niliitwa hivyo huko Mangobo. Dhoruba ya usiku ilikuwa imefungua mabati ya kalasi mbili. Asubuhi direkta akamtuma zamu apande kuyapigilia. Ubao ukavunjika, zamu akaanguka, akavunjika paja. Siku ya Mungu iliyofuata tukafanya makusanyo kanisani, na watu wakatoa kwa moyo. Nilirudi nyumbani nikifurahi. Baadaye tu nilitambua ya kuwa tulimpa kidogo, kama sadaka, kitu alichostahili kama haki.

Haki hiyo si mpya. Wabelgiji waliweka amri juu ya wafanyakazi wenyeji walioumia kazini mwaka 1949. Tarehe 29 Juni 1961 inchi yetu, ingali changa, ikaunda INSS na kuunganisha makasha matatu: la wazee, la posho ya watoto, na la walioumia. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imechukua nafasi ya ile ya kwanza, na tangu mwaka 2018 kasha hilo laitwa CNSS.

Ajali ya kazi ni nini? Ni ajali inayompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi yake ao akiwa kazini, hata kama yeye mwenyewe alikosa. Tuyashike sana maneno hayo ya mwisho. Kwetu watu walisema: «Kwa nini hakutazama ubao?» Swali hilo halifuti haki, anayeikosa ni yule aliyejiumiza kwa kusudi. Njia nayo imehesabiwa. Mwalimu wa Mangobo anayekwenda kufundisha Makiso juu ya toleka, ao anayevuka mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga, akiumia kati ya nyumba yake na kazi yake, ni kama ameumia kalasini.

Nani basi atalipa? Hapa wengi wanachanganya. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, masomo yetu ni ya Serikali, nalo Kanisa linayaongoza. Mwalimu mwenye namba, anayelipwa na Serikali, anafuata sheria ya watumishi wa Serikali. Kasha lao, CNSSAP, liliundwa mwaka 2015. Lakini zamu, fundi, mpishi, na mwalimu asiye na namba ambaye masomo yenyewe yamemtwaa? Hao wako chini ya Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kukosa barua ya mapatano hakuwaondolei haki. Bwana wao ni yule aliyewatwaa na anayewalipa, na mara nyingi bwana huyo ni sisi.

Mzigo upo, sikatai. Kwa mshahara wa franka 100.000, bwana anapeleka CNSS franka 13.000, na mfanyakazi anakatwa 5.000. Katika zile 13.000, ni 1.500 tu ndizo za ajali na magonjwa ya kazi, nazo zatoka kwa bwana peke yake. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya Serikali hayaombi tena feza kwa wazazi, na direkta anakuna kichwa. Lakini asiyeandikisha watu wake hajaponyoka, kwa maana Sheria ya Kazi yamwagiza bwana mwenyewe kulipa matunzo ya mfanyakazi aliyeumia.

Wanaseminari wanajua Kanuni 1286: msimamizi wa mali ya Kanisa ashike sawasawa sheria za inchi juu ya kazi. Sisi tuliisoma, tukapata pointi, tukaisahau. Wakatekista nao watazame Kanuni 231, inayowapa walei wanaotumikia Kanisa haki ya mshahara unaofaa, pamoja na akiba ya uzee na matunzo ya ugonjwa. Na zamani sana kabla ya kanuni hizo, Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, lilimwamuru mwenye kujenga nyumba azungushe ukingo juu ya dari, mtu asianguke.

Yafaa basi mtu akiumia, direkta aandike siku ile ile: saa gani, mahali gani, alikuwa akifanya kazi gani, nani aliyemtuma, nani waliona. Munganga naye atoe karatasi yake. Moja iende CNSS, ao kwa koordinasyo kama ni mwalimu wa Serikali, na nyingine ibaki katika kabati la masomo, hata kidonda kikiwa kidogo. Kidole kilichochomwa na msumari chaweza kukatwa mwezi wa pili.

Kwetu hakuna aliyeandika. Mwaka mzima ulipopita, nilikwenda na zamu yetu ofisini, akitembea na fimbo. Karani akatuuliza namba yake, akatuuliza barua ya ajali. Mfukoni nilikuwa na karatasi moja tu: majina ya watu waliotoa makusanyo.