Kutafuta mtoto huku ukianza kazi ya ustawi wa jamii

Binti amemaliza diploma ya ustawi wa jamii na kupata kandarasi ya mwaka mmoja na shirika linalohudumia watoto. Ndoa yake ina miaka 3 na mtoto hajapatikana. Mchana anafungua faili ya mtoto mchanga aliyetupwa, jioni mavyaa anamuuliza, "Bado tu?" Mambo haya mawili kwetu Pwani hunong'onwa, na kunong'ona hakujamsaidia mtu. Tuyaeleze.

Kwanza, ugumba ni nini? Shirika la Afya Duniani huueleza kuwa ni mume na mke kukutana bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba isishike. Ripoti yake ya 2023 ilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hii maishani. Mwanamke aliyefika miaka 35 hushauriwa amuone daktari baada ya miezi 6.

Sababu ni nyingi. Mirija huweza kuziba kwa maambukizi yasiyotibiwa kama kisonono na klamidia, mayai yakakosa kupevuka, au kukawa na uvimbe kwenye kizazi. Mwanamume naye huweza kuwa na mbegu chache au dhaifu. Kupima mbegu ni jambo jepesi: sampuli moja, basi. Lakini ni wake wangapi wamepimwa mirija kwa uchungu, wakanywa kila kombe, na waume zao hata maabara hawajaingia?

Pili, kazi. Matibabu ya uzazi hufuata siku za mwezi za mwanamke, hayangojei ratiba ya ofisi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Si nyingi, lakini ni haki yake. Mkubwa wa kazi hahitaji hadithi yote. Kumwambia "niko kwenye matibabu" kunatosha. Na anayeogopa kufukuzwa akishika mimba ajue kwamba sheria hiyo haiikubali mimba kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi.

Tatu, na hili ndilo zito kwa kazi hii hasa. Karani wa benki akitoka kazini ameacha hesabu mezani. Huyu wetu amembeba mtoto wa mwenzake aliyemtupa, akamsikiliza msichana wa miaka 15 mwenye mimba asiyoitaka. Ni rahisi kumkasirikia mama yule, au kumpenda mtoto yule kupita mpaka. Mtoto wa faili ni amana. Ukiona moyo umeanza kumdai, mwambie msimamizi wako mapema na uombe faili ipewe mwenzako. Kufanya hivyo ni kulinda mtoto, mama yake na nafsi yako. Mashirika nayo yawape vijana hawa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, si fomu za kujaza tu.

Wanaotaka kulea mtoto wafuate njia iliyo wazi. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala, malezi ya Kiislamu ambamo mtoto habadilishwi nasaba. Harithi kama mtoto wa kuzaa, lakini mlezi anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali yake. Mfanyakazi wa ustawi anayetaka kulea apitie ofisi ya watoto kama raia mwingine yeyote, wala asimchague mtoto kutoka faili anayoishughulikia.

Wapo wanaouliza kama mimba ya maabara ni halali. Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alitoa fatwa iliyoikubali ikiwa mbegu na yai ni vya mume na mke walio ndani ya ndoa, bila mtu wa tatu. Gharama ndiyo kikwazo, kwani hufika laki kadhaa za shilingi. Ndiyo maana vipimo vya mwanzo visicheleweshwe. Huenda tatizo likatibika kwa pesa kidogo.

Na tukumbuke Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Hakujaaliwa mtoto, na masahaba wakubwa walimwendea kuuliza elimu. Hakuna aliyemwona pungufu.

Kwa hivyo, mume, nenda ukapimwe mwezi huu, tena uende na mkeo. Mavyaa, mwombee dua kimyakimya. Nawe binti, usiache kazi kwa sababu ya maneno ya watu. Watoto wa faili zako wanamhitaji mtu anayejua kungoja.