Mashindano ya Maswali ya Historia na Faida Yake kwa Wanafunzi wa Kajiado

Yako mashindano ya mbio, ya mpira na ya kuimba, ambayo kila mzazi ayajua. Yako na mashindano mengine yasiyohitaji uwanja wala jezi, bali yahitaji kengele, saa, na vijana waliosoma vizuri. Hayo ni mashindano ya maswali ya historia, ambayo wengi huyaita chemsha bongo. Katika makala hii tutaeleza jinsi yanavyofanywa, na jinsi wanafunzi wa Kitengela, Kajiado na miji jirani wawezavyo kujitayarisha. Maana wao hukaa juu ya ardhi yenye historia nyingi kuliko wengi wao wadhanivyo.

Desturi hii si ngeni duniani. Katika mwaka 1948 BBC ya Uingereza ilianza kutangaza redioni mashindano ya wanafunzi wa sekondari yaliyoitwa Top of the Form. Mwaka 1953 Marekani ikaanza mashindano ya vyuo vikuu yaitwayo College Bowl. Tena mwaka 2015 yalifanywa kwa mara ya kwanza International History Olympiad, ambayo ni ya historia, na ambayo huwakutanisha vijana wa nchi mbalimbali.

Sasa tueleze utaratibu wake. Aghalabu timu mbili huketi mezani, kila timu ikiwa na wanafunzi wanne au chini yake, na mmoja wao huwa kiongozi. Yuko mwuliza maswali, yuko mtunza saa, na yuko mwandishi wa alama. Swali linaposomwa, mwanafunzi ajuaye jibu hupiga kengele, hata kama swali halijaisha. Akijibu sawasawa, timu yake hupata alama. Akikosea, katika mashindano mengi timu yake hairuhusiwi kujibu tena swali hilo, na wenzao wa upande wa pili hupewa nafasi. Kwa hiyo mwenye pupa huiletea timu yake hasara, na mwenye kusitasita hupitwa.

Swali lililotungwa vizuri huanza na jambo lijulikanalo na wachache, kisha huteremka hatua kwa hatua mpaka lile lijulikanalo na wengi. Hebu msomaji ajijaribu kwa mfano huu: "Mtu huyu alishindana na nduguye Sendeyo juu ya urithi wa cheo cha oloiboni. Baba yao alikuwa Mbatian. Mwaka 1904 aliweka sahihi katika mapatano na Serikali ya Kiingereza. Kilele kimoja cha Mlima Kenya huitwa kwa jina lake. Je, ni nani?"

Jibu ni Lenana, au Olonana kama Wamaasai wamwitavyo. Mwanafunzi aliyejifunza kwa kukariri tu atangoja mpaka asikie habari za mlima. Lakini kijana aliyeketi na babu yake akasikiliza habari za wana wa Mbatian atapiga kengele kabla sentensi ya kwanza haijaisha. Hapo ndipo ionekanapo ya kwamba masimulizi ya nyumbani nayo ni elimu, wala si ya kudharauliwa mbele ya kitabu.

Walakini, iko hatari moja katika mashindano haya, nayo ni kudhani ya kwamba historia ni orodha ya miaka na majina. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Tutazame mwaka huo wa 1904. Ni rahisi kuutaja na kupata alama. Lakini ni jambo gani lililotendeka? Katika mapatano yale Wamaasai walitakiwa kuyaacha malisho yao ya Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapewe. Wao wakagawanywa mahali pawili, wengine Laikipia upande wa kaskazini, na wengine kusini, katika nchi ambayo leo Kajiado ni sehemu yake. Iliandikwa ya kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo.

Hayakudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano ya pili, na Wamaasai wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini pamoja na mifugo yao. Ole Gilisho, aliyekuwa kiongozi wa watu wa kaskazini, alipinga uhamisho huo. Mwaka 1913 kesi ikapelekwa katika Mahakama Kuu, nayo yajulikana kwa jina la Ole Njogo. Wamaasai walishindwa, kwa kuwa mahakama ilisema ya kwamba mapatano yale yalikuwa kama mkataba baina ya dola na dola, na kwa hiyo hayakuwa chini ya hukumu ya mahakama ya nchi. Rufani nayo ikakataliwa mwaka huo huo. Mwanafunzi awezaye kueleza sababu hiyo kwa maneno yake mwenyewe amejua historia. Yule atajaye mwaka tu amejua tarakimu.

Mitihani nayo yafuata njia hiyo. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Historia na Serikali ina alama 25 za maswali mafupi, na alama 75 za maswali yanayotaka maelezo marefu. Basi mashindano ya kengele humsaidia mwanafunzi katika zile 25. Hizo 75 zataka ajiulize daima: kwa nini, na baadaye ikawaje?

Kwa hiyo twawashauri walimu mambo manne. Kwanza, baada ya kila jibu sahihi, aliyejibu na apewe nusu dakika kueleza sababu au matokeo, naye aongezewe alama kwa maelezo mazuri. Pili, wanafunzi wenyewe na watunge maswali, maana atungaye swali hulazimika kulichunguza jambo pande zote. Tatu, kila jibu na lihakikishwe katika vitabu viwili kabla ya siku ya mashindano, ili kusiwe na ugomvi mbele ya wageni. Nne, sehemu moja ya maswali na iwe ya historia ya mahali petu.

Mambo ya kuuliza hayapungui. Jina la Kajiado latokana na neno la Kimaasai, Olkejuado, maana yake mto mrefu. Huko Olorgesailie, katika barabara ya Magadi, yako mashoka ya mawe yaliyofanywa na watu wa kale sana, mengine kabla ya miaka milioni moja iliyopita. Louis na Mary Leakey walipachimba katika miaka ya 1940, na mwaka 1947 pakafunguliwa kuwa makumbusho. Safari moja ya darasa yatosha kutoa maswali ishirini.

Na Kitengela yenyewe ni somo. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, nyanda zilizo kusini yake zilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei, na nyumbu walipita humo wakati wa mvua. Sheria ya mwaka 1968 ikaruhusu ranchi za jumuiya. Baadaye ranchi hizo zikagawanywa, kila mtu akapata hati yake, na wengi wakauza. Leo pana mji mkubwa wenye watu wa makabila mengi. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya kupanga karibu na stendi huenda asijue kabisa habari hizi, na mtoto wa mfugaji huenda azijue kwa uchungu tu. Wakiketi meza moja katika timu moja, kila mmoja atamfundisha mwenzake.

Kikombe na vyeti ni vitu vizuri, wala hatuvidharau. Walakini wazee waliosimuliwa habari za uhamisho wa Laikipia na wazazi wao wanazidi kupungua. Basi, mwanafunzi, kabla hujaenda kupiga kengele, chukua daftari, nenda kwa mzee wa jirani, umwamkie kwa adabu, na umwulize.