MIAMBA YA KIGAMBONI ILINDWE

Maji yakipwa, visiwani Sinda na katika sehemu kadhaa za pwani ya Kigamboni huonekana miamba iliyotafunwa na mawimbi mpaka ikafanya matao na vijipango. Jiwe hilo ni chokaa, mabaki ya matumbawe yaliyoota baharini zama za kale. Ni ndugu wa jiwe la Unguja, ambako katika Pango la Kuumbi wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta zana za watu walioishi humo maelfu ya miaka iliyopita.

Sinda imo katika hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam. Lakini pwani ya bara haina ngao hiyo, na tangu Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 mji umeisogelea kwa kasi. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni.

Twawaomba viongozi wetu waipime na kuiwekea alama mipaka hiyo kabla ya kugawa viwanja, si baada ya kuta kusimama. Nanyi ndugu zetu wa visiwani na wa pwani, msikubali mwamba uvunjwe kwa ajili ya tanuri la chokaa. Chokaa huuzwa mara moja tu; mgeni anayeongozwa kuyatazama matao hayo aweza kurudi kila mwaka.