Mkate umekwisha, daftari limejaa

Hebu nikuulize, msomaji wangu, na unijibu kimoyomoyo ili watoto wasisikie: kuna duka mtaani kwenu ambalo siku hizi hupiti mbele yake? Si kwamba njia imefungwa. Njia iko wazi, tena ndiyo fupi, lakini ukishuka kwenye matatu unajikuta umezunguka nyuma ya majumba ya watu, unaruka mitaro na kubwekewa na mbwa, mradi tu usikutane uso kwa uso na mwenye duka. Kama huna duka la aina hiyo, hongera. Mimi nilikuwa nalo hadi juzi.

Naishi Kahawa Sukari, kando ya barabara ya Thika, hatua chache tu baada ya kuvuka mpaka wa Nairobi na kuingia Kiambu. Mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hucheka na kuuliza kama maziwa nayo yako mtaa wa pili. Acha acheke. Kahawa ilikuwapo kweli. Sehemu hizi za Ruiru zilikuwa nchi ya mibuni, na ni hapo Ruiru watafiti walipoikuza ile aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985. Siku hizi mahali pa mibuni pameota nyumba za kupanga, na sisi wenye jina la kahawa tunakunywa chai. Sukari yenyewe, mwezi ukifika katikati, tunainunua robo robo.

Na hapo kwenye robo robo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Unajua jinsi familia za mjini zinavyofanya. Mshahara ukiingia, mtu anakuwa mtu. Tangu barabara ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, maduka makubwa yameifuata lami kama nyuki wafuatavyo maua. Thika Road Mall ilifunguliwa pale Roysambu mwaka wa 2013, Garden City ikafuata mwaka wa 2015. Basi Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, baba, mama na watoto huvaa vizuri na kwenda kusukuma toroli. Mtoto anatupia ndani biskuti, mama anazirudisha kwenye rafu, baba anajifanya hajaona. Unanunua sabuni ya choo yenye harufu ya maua ambayo nyumbani hakuna aliyeiomba. Ukifika kwa keshia unasoma ile risiti ndefu kama barua ya mahakama, lakini hulalamiki, kwa sababu nyuma yako kuna foleni na wote wanakutazama. Unalipa kwa tabasamu.

Hiyo ni wiki ya kwanza. Ikifika wiki ya tatu tunarudi kwa Mama Duka.

Mama Duka ni jina tulilompa sisi. Kijiduka chake kiko pembeni mwa njia yetu, kina nondo mbele na tundu la kupitishia mkono. Anauza mkate, maziwa, unga, mayai, kiberiti, mafuta ya kupima, dawa ya mbu na karatasi za kufunika vitabu vya shule. Ukimpa shilingi ishirini haulizi unanunua nini cha ishirini. Anakipima kitu hicho, anakufungia, mnaagana. Na juu ya yote ana daftari, lile la wanafunzi lenye mistari, ambalo limening'inizwa kwa uzi kando ya mizani.

Daftari hilo, msomaji wangu, ndilo lililotulisha mwaka wa 2020. Unakumbuka jinsi mwaka ule ulivyokuwa. Shule zilifungwa katikati ya Machi, ikaja amri ya kutotoka nje usiku, kisha kuanzia tarehe 6 Aprili hadi Julai ikawa hakuna kuingia wala kutoka katika eneo la jiji na viunga vyake. Nilipokuwa nikifanya kazi wakati huo mishahara ilikatwa nusu, na nusu yenyewe ilikuwa ikija kwa kuchelewa kama mgeni asiyetaka kufika. Watoto watatu nyumbani kutwa, wanakula kama wanaochimba mawe. Sikwenda kuomba. Mama Duka mwenyewe alimwambia mke wangu, 'Chukua, tutaandika.' Akaandika miezi minne. Deni lile tulilimaliza, nakuhakikishia, ingawa ilituchukua hadi mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mwaka huu Januari ilipotukaba, tulijua pa kukimbilia. Wewe ambaye ni mwanafunzi huenda huielewi Januari. Kwako ni sare mpya na marafiki. Kwa mzazi ni mwezi wenye siku tisini. Mshahara wa Desemba hutoka mapema kwa ajili ya Krismasi, huliwa mashambani na jamaa, halafu unarudi mjini na kukuta karo, vitabu, viatu, na mwenye nyumba aliyekaa kama paka mbele ya shimo la panya. Si bure Wakenya waliupa mwezi huo jina la Njaanuari. Tulichukua kwa Mama Duka maziwa pakiti mbili kila siku, mkate siku moja baada ya nyingine, unga, sukari, mafuta. Kila jioni kijana wangu alikwenda na kusema, 'Baba amesema uandike,' na yeye akaandika.

Mshahara ulipoingia mwisho wa mwezi, deni lilikuwa Sh3,480. Si pesa nyingi, wala si kidogo. Hapa sasa ndipo nilipoharibu mambo, na sina wa kumsingizia.

Angalia jinsi mshahara unavyogawanyika siku hizi. Benki ina mkopo wangu. Inakata kabla sijaziona. Ile Fuliza ya kwenye simu, tuliyoletewa mwaka wa 2019, nayo haibishi hodi. Pesa ikiingia tu, inachukua chake na kukutumia ujumbe wa kukuarifu. Mwenye nyumba ana notisi. Shule ina lango. Kila anayekudai ana mkono wa kukufikia, isipokuwa Mama Duka. Yeye ana daftari na kalamu tu. Basi nikamweka mwisho. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wetu, anatujua, nitampitishia wiki ijayo. Na zilizobaki nikaenda nazo kusukuma toroli.

Nilirudi jioni kwa bodaboda, mifuko miwili magotini. Zamani ungeweza kujificha. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku plastiki ilipopigwa marufuku, ulibeba juala jeusi na hakuna aliyejua kama ndani mna nyama au viatu vikuukuu. Sasa mfuko ni wa kitambaa, mkubwa, una jina la duka kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Na kijana wa bodaboda, ambaye sikumwambia apite njia gani, alipita ile fupi.

Mama Duka alikuwa amesimama nje anafagia. Aliniona, akaiona mifuko. Hakusema neno. Alisogeza ufagio ili pikipiki ipite, akasema, 'Habari ya jioni, Baba Kofia.' Hivyo ndivyo anavyoniita kwa sababu ya kofia yangu. Nilijibu kitu ambacho hata mimi sikukisikia.

Tangu siku hiyo nikaanza kupitia nyuma. Wiki moja, mbili, tatu. Kijana nikamkataza kwenda huko, nikamtuma duka la mbali zaidi, na alipouliza kwa nini nikamwambia miguu ni ya kutembezwa.

Mambo yalibadilika siku ya mvua. Unajua mvua inavyolifanya jiji hili: nauli inapanda, kondakta anakuwa mfalme, na barabara yetu pana inajaa magari yasiyokwenda popote. Nilifika kituoni saa tatu usiku nimelowa chapachapa. Njia ya nyuma ilikuwa imejaa maji. Nikaona heri aibu kuliko mtaro. Nikapita mbele, nikitumaini amefunga.

Hakuwa amefunga. Alikuwa akimwambia msichana mmoja, wa hao wanaosoma Chuo Kikuu cha Kenyatta na kupanga huku kwetu, kwamba mkate hakuna. Maziwa je? Maziwa nayo yalikwisha asubuhi. Msichana akaenda zake. Nikainua macho na kutazama rafu kupitia nondo, na msomaji wangu, zile rafu nilizozijua zimejaa zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Mayai hayakuwapo. Unga ulikuwa pakiti tatu.

Nikauliza, kwa ujinga wangu, kama kuna tatizo na wanaoleta mkate.

'Hakuna tatizo,' akasema. 'Wanaleta. Lakini gari la mkate halitaki daftari, Baba Kofia. Linataka pesa taslimu.'

Hakulisema hilo kwa ubaya. Aliendelea kunieleza kama mtu anayemweleza jirani habari za mvua. Mwenye gari la mkate hupita alfajiri, humpa mikate kulingana na pesa alizo nazo mkononi. Mwenye maziwa vivyo hivyo. Akienda duka la jumla kule Ruiru au Githurai, hakuna anayemwandikia. Pesa ya mkate wa leo ndiyo inayonunua mkate wa kesho, hana nyingine. Januari watu wengi waliandikisha. Februari wengine walilipa, wengine, hapo akatazama mvua, 'bado wanajipanga'.

Niliondoka nikipiga hesabu njiani. Tuseme kwa kila pakiti ya maziwa anabaki na shilingi 5. Sijui anabaki na ngapi hasa na sikuthubutu kumuuliza, lakini tuseme hivyo. Ili arudishe zile Sh3,480 zangu kutokana na faida peke yake, itambidi auze pakiti 696. Mimi mmoja! Na lile daftari lina kurasa. Nilipoliona baadaye, nilikuta humo kina Mama Pacha, Geti Jeusi, Mwalimu, Gari Nyeupe. Ndiyo, Gari Nyeupe. Mtu anaendesha gari na anadaiwa sukari.

Tumezoea kufikiri kwamba deni la dukani ni jambo dogo kwa kuwa ni la kidogokidogo. Lakini hebu kumbuka yaliyoyapata maduka makubwa katika nchi hii. Nakumatt ilikuwa na matawi karibu kila mji mkubwa, hadi nchi jirani, na wadai wake waliamua mwezi wa Januari 2020 kwamba ifungwe kabisa. Tuskys nayo ikayumba mwaka huo huo. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975 na ambayo wengi wetu tulinunuliwa humo viatu vya kwanza vya shule, ilikuwa imekwisha kuonja hali hiyo. Dalili ilikuwa moja: rafu kuanza kuwa tupu. Wanaoleta bidhaa hawajalipwa, basi hawaleti, na mteja akikuta rafu tupu harudi. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na mawakili, mikutano ya wadai na vichwa vya habari magazetini. Kijiduka chenye nondo kikifa, utaona tu kufuli, na baada ya mwezi mmoja kinyozi.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kila kitu, hata habari za njia ya nyuma. Nilidhani atanicheka. Alinyamaza kwanza, kisha akasema yeye pia amekuwa akipita huko nyuma. Tulikuwa tukitumia mtaro mmoja kwa saa tofauti. Hapo ndipo tulipocheka, ingawa si kwa muda mrefu, kwa sababu kijana alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake la hesabu akitusikiliza. Akauliza kama sasa anaweza kurudi kwa Mama Duka, maana lile duka la mbali lina mbwa.

Tulikusanya tulichokuwa nacho. Mke wangu akatoa alizokuwa ameweka za chama, mimi nikatoa za nauli ya wiki. Nilijua nitatembea baadhi ya siku au niamke mapema kuomba lifti ya jirani. Zikafika Sh2,000. Sikutaka kuzituma kwa simu, ingawa ndivyo watu wanavyolipa siku hizi. Nilikwenda mwenyewe kesho yake jioni, kwa miguu, kupitia mbele.

'Mama, habari ya jioni. Nimekuletea sehemu.'

Alizihesabu mara mbili, akalishusha daftari kutoka kwenye uzi, akalamba kidole na kutafuta ukurasa. 'B. Kofia.' Akaandika 2,000, akapiga mstari, chini yake akaandika 1,480. Akaligeuza daftari kunielekea ili nione. Nikaona.

'Hizo nyingine mwisho wa mwezi,' nikasema, 'kabla sijaenda kokote.'

'Sawa,' akasema, akalirudisha daftari pale linaponing'inia. 'Mwambie kijana aje mapema kesho. Mkate utakuwapo. Lakini mpe pesa.'